Fujo ya Mtu Aliyekaa Kimya

Wapenzi wasikilizaji, juma hili barua yangu ya kwanza imetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha nne. Anasema darasani wamefundishwa neno la Kiingereza "disorderly", na kamusi imemweleza kuwa ni kivumishi, maana yake mtu wa fujo, mtu asiye na utaratibu. Alipofika nyumbani akalitamka mbele ya babu yake. Mzee akacheka, akasema neno hilo analijua tangu ujana, kwani katika miaka ya 80 alipata kulala rumande kwa ajili yake hapa hapa mjini. "Ulifanya fujo gani, babu?" "Hakuna. Nilikuwa nimekaa tu." Sasa kijana anauliza: kamusi imekosea, au babu yake anamficha jambo?

Mdogo wangu, nakuomba usimshuku mzee wako. Katika miaka hiyo hiyo mimi nilikuwa mwandishi mchanga wa habari, natumwa mahakamani kila asubuhi na kijitabu changu mfukoni. Siku moja, katika mahakama ambayo sitaitaja, waliletwa vijana kumi na wawili kutoka rumande, wamefungwa pingu wawili wawili. Hati ya mashitaka ilikuwa ya Kiingereza. Karani akasimama, akaitafsiri kwa sauti kavu: mnashitakiwa kwa kuwa watu wavivu na wa fujo. Wa kwanza akakubali kosa. Wa pili akakubali. Mtu aliyelala rumande siku tatu hukubali mengi ili mambo yaishe. Ilipofika zamu ya wa tano au wa sita, kijana mwembamba mwenye shati la kitenge, alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mheshimiwa, uvivu naukubali, maana kazi sina. Lakini fujo nimemfanyia nani?"

Watu wakacheka. Hakimu akaitazama karatasi, kisha akamtazama karani. Karani akayarudia maneno yale yale, polepole zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio ya kijana. Swali halikujibiwa. Mimi nililiandika katika kijitabu changu, mhariri akalikata kwa sababu nafasi haikutosha, na tangu hapo nimekuwa nalo. Nimelifuata katika vitabu vya lugha na vya sheria, kidogo kidogo, kama mtu anayemfuatilia mdeni wake. Leo nitawaeleza nilikofika.

Tuanze na neno lenyewe. Ndani ya "disorderly" mna neno "order", ambalo sisi tumelichukua na kuliita oda. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kutoka katika Kilatini, ambamo "ordo" maana yake ni mstari au safu. Wataalamu wa asili ya maneno hulirudisha nyuma zaidi, mpaka kwenye kitanda cha mfumaji: ni ule mstari wa nyuzi zinazotandwa kwanza, yaani mtande, kabla mshindio haujaanza kupita. Kutoka hapo Warumi wakaliita "ordo" kila kitu kilichosimama kwa mstari, wakiwemo askari vitani. Lilipoingia katika Kiingereza, karibu na mwaka 1200, lilitumika kwanza kwa watawa wanaoishi chini ya kanuni moja. Ndiyo maana mpaka leo padri hupewa daraja, na mtumishi wa hospitali anayesukuma machela huitwa kwa Kiingereza "orderly", jina alilolirithi kutoka kwa askari aliyekuwa akipeleka amri za afisa wake.

Kiambishi "dis" kinatengua. Basi "disorderly", ambalo lilikuwa likitumika katika karne ya 16, kwa asili yake ni kitu kilichotoka kwenye mstari. Tafadhalini shikeni hapo. Katika kuzaliwa kwake neno hili halina kelele, halina chupa iliyovunjwa wala ngumi iliyorushwa. Uzi ukitoka kwenye mtande haupigi ukelele. Anayepiga ukelele ni mfumaji.

Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611, ile ya Mfalme James, ililipa neno hili nguvu kubwa. Paulo aliwaandikia Wakristo wa Thesalonike kuhusu ndugu waliokuwa hawafanyi kazi, wakila chakula cha wengine na kujishughulisha na mambo yasiyowahusu. Neno alilolitumia kwa Kigiriki, lile ambalo wafasiri wa King James waliliandika "disorderly", lilikuwa neno la kijeshi, likimhusu askari aliyeacha safu yake. Katika waraka mwingine kwa watu hao hao, wafasiri wale wale walilikuta tena neno la shina hilo hilo wakaliandika "unruly", yaani asiyetawalika. Wafasiri wetu wa Kiswahili wao walishika neno utaratibu katika nyaraka zote mbili, na mimi naona walikuwa karibu zaidi na Mgiriki. Na ni katika ukurasa huo huo ambamo yamo maneno ambayo sisi tuliokua chini ya Ujamaa tuliyasikia sana yakigeuzwa kuwa kaulimbiu: asiyefanya kazi na asile. Wengi tulidhani yalitungwa na chama.

Sisemi kwamba sheria ya Uingereza ilinakiliwa kutoka kwa Paulo. Nasema tu kwamba masikio ya Waingereza walioketi kanisani kila Jumapili yalikwisha kuzoea kusikia kutofanya kazi na kukosa utaratibu vikitajwa pamoja, kama mapacha.

Sheria yenyewe ina mzizi wake mahali pengine, nao ni makaburini. Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza, na katika muda mfupi ikaua watu wengi mno, theluthi nzima ya wakazi au zaidi. Mashamba yalibaki, wenye mashamba walibaki, lakini mikono ya kulima ikawa haba. Mfanyakazi aliyesalimika akagundua kwamba anaweza kusimama njia panda akauliza: wewe utanilipa ngapi, na jirani yako ngapi? Mwaka 1349 Mfalme Edward wa Tatu akatoa amri. Mtu mzima mwenye afya, wa chini ya miaka 60, asiye na mali wala shughuli yake mwenyewe, akubali kazi anayopewa, kwa ujira wa kabla ya tauni. Na ikakatazwa kumpa sadaka ombaomba mwenye nguvu za kufanya kazi. Hebu fikirini, wasikilizaji. Kosa la mtu huyu lilikuwa kutembea akitafuta mshahara bora. Angekuwa mfanyabiashara wa ngano akitafuta bei bora, angeitwa mwerevu.

Baada ya hapo sheria zilifuatana, na nyingine zilikuwa za kutisha. Ile ya mwaka 1547 iliruhusu mtu mzima asiyetaka kazi achomwe kifuani kwa chuma cha moto chenye herufi V na afanywe mtumwa kwa miaka miwili. Ilishindikana kutekelezwa, ikafutwa baada ya muda mfupi. Mwaka 1744 Bunge likawapanga watu hawa katika madaraja matatu, kama gari moshi: wavivu na wasio na utaratibu, kisha wahuni na wazururaji, kisha wahuni sugu. Katika daraja la pili walitiwa wapiga ramli, wacheza dubu, wanamazingaombwe, wapiga muziki wa kutembea na waigizaji wasio na kibali. Nchi iliyomzaa Shakespeare!

Hapa niruhusuni nichepuke kidogo, maana kuna jambo ambalo wapenda dansi watalifurahia. Katika miaka hiyo hiyo ya karne ya 18 neno letu lilihama kutoka kwa mtu likaingia katika nyumba. Sheria ya 1751 ilisema kwamba jumba lolote la muziki na dansi mjini London, au katika umbali wa maili 20 kuuzunguka mji huo, likifunguliwa bila leseni ni "disorderly house", jina lile lile lililotumika kwa danguro. Mwaka 1780 wakaongeza: ukumbi unaotoza kiingilio siku ya Jumapili kwa burudani au hata kwa mdahalo, nao ni nyumba ya namna hiyo. Yaani watu wangeweza kukaa kwenye viti, mmoja azungumze, wengine wasikilize kwa adabu, na nyumba ikawa ya fujo kwa sababu mlangoni kuna mtu anakata tiketi.

Tunafika mwaka 1824. Vita vya Ulaya dhidi ya Napoleon vilikwisha mwaka 1815, askari wamerudi, kazi hakuna, barabara zimejaa watu. Bunge likapitisha Sheria ya Uzururaji, na madaraja yale matatu yakabaki. Daraja la kwanza, "idle and disorderly person", adhabu yake ilikuwa mpaka mwezi mmoja wa kazi ngumu. La pili lilikuwa mpaka miezi mitatu. Wahuni sugu waliweza kufungwa mwaka mzima, na wanaume kuchapwa viboko juu yake. Nimesoma orodha ya watu wa daraja la kwanza zaidi ya mara moja. Yumo ombaomba. Yumo anayeweza kujilisha na hataki. Yumo mchuuzi mdogo anayezunguka akiuza vitu bila leseni. Katika daraja la pili yumo anayeonyesha majeraha au ulemavu wake ili apewe sadaka, na kwa mwaka ule, miaka tisa tu baada ya vita, hamhitaji kuambiwa ni majeraha ya nani.

Katika orodha hiyo ya daraja la kwanza nilimtafuta mtu aliyepiga kelele. Yuko mmoja, kahaba anayefanya vurugu hadharani. Wengine wote ni maskini walioonekana.

Ilikuwa baadaye, katika sheria ya vileo ya mwaka 1872, ndipo Waingereza walipounganisha neno hili na ulevi, wakapata msemo ambao kila polisi wao anaujua, "drunk and disorderly". Hapo ndipo lilipokuja kukaa karibu na fujo kama tunavyoifahamu sisi: mtu amelewa, anatukana wapita njia, anakumbatia nguzo ya taa. Na hiyo ndiyo maana iliyoingia katika kamusi ya mwanafunzi wetu. Kwa hiyo neno moja likawa na kazi mbili. Moja ni kumtaja mtu kwa alichokifanya. Nyingine ni kumtaja kwa jinsi alivyo, hata kama ameketi kimya mikono magotini.

Na sisi tulipewaje? Safari yake ilikuwa ndefu. Mwanasheria Samuel Griffith alitunga kanuni ya makosa ya jinai kwa ajili ya Queensland, huko Australia, ikapitishwa mwaka 1899. Wakoloni wakaipenda kwa kuwa ilikuwa imekusanya kila kitu mahali pamoja, wakaipeleka Nigeria, na kutoka huko mfano wake ukaja Afrika Mashariki. Mwaka 1930 Tanganyika, Kenya na Uganda zote zilipata kanuni zao za adhabu, zinazofanana kama watoto wa baba mmoja. Ndani yake kulikuwa na wavivu na wasio na utaratibu, na kulikuwa na wahuni na wazururaji. Kifungu kimoja kilimhusu mtu anayekutwa barabarani katika saa na mazingira yanayoonyesha kwamba yuko hapo kwa nia mbaya au isiyo ya utaratibu. Nia, jamani. Polisi alipewa tochi ya kumulika ndani ya kifua cha mtu.

Mwaka 1944 serikali ya Tanganyika iliongeza sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, wakarudishwa walikotoka. Dar es Salaam ilikuwa inakua, vijana wanakuja kwa miguu na kwa lori, na mtu asiye na mwajiri alikuwa uzi nje ya mtande. Mitaani jina lao likawa wahuni. Neno hili nalo lina historia yake, kwani wazee wetu walilitumia kwa mtu anayetangatanga bila kwao, na wengine hata kwa kapera ambaye bado hajatulia na mke. Kapera wa leo akiitwa mhuni atadai aombwe radhi.

Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, vifungu vikabaki. Na siwezi kuwalaumu wakoloni peke yao, nisije nikaonekana mtu wa kuficha ya nyumbani. Mwaka 1983 Bunge letu wenyewe lilitunga sheria ambayo wengi tuliijua kwa jina la Nguvu Kazi. Nia iliyotangazwa ilikuwa kila mwenye uwezo afanye kazi ya kuzalisha mali. Utekelezaji wake mjini ulikuwa karandinga, na swali "Kitambulisho cha kazi kiko wapi?". Wauza karanga, washona viatu, mafundi baiskeli waliokuwa wakijilisha kwa jasho lao, walipakiwa pamoja na wezi wa mifukoni. Wengi walipelekwa vijijini na mashambani, na wengi wao, baada ya majuma machache, walikuwa wamerudi kwenye kona zao zile zile. Vijana wale kumi na wawili niliowaona mahakamani walikuwa wa kipindi hicho. Babu wa mwanafunzi wetu pia, kama hesabu zangu ni sahihi.

Sasa turudi kwa karani, kwani nimemfikiria sana yule bwana. Kazi aliyopewa ilikuwa ngumu kuliko alivyojua. Kiingereza kinaweza kumbandika mtu kivumishi na kuondoka zake. Kiswahili chetu kina ukaidi wake. Ukisema fulani ni mtu wa fujo, msikilizaji atakuuliza mara moja: alifanya fujo lini? Lugha yetu inapenda kitendo kiwe na wakati wake, aliyefanya, anayefanya, atakayefanya. Kijana mwenye shati la kitenge hakuwa amesoma historia ya sheria za Uingereza. Alisikia tu katika lugha ya mama yake kwamba sentensi ile ilikuwa na pengo, akaweka kidole chake humo. Kwa lugha aliyopewa, lile lilikuwa ndilo swali la kisheria bora kuliko yote yaliyoulizwa chumbani mle siku hiyo, na liliulizwa na mtu mwenye pingu.

Mawakili walikuja kulirudia, miaka mingi baadaye, kwa maneno marefu zaidi. Nchini Malawi mchuuzi mmoja wa mifuko ya plastiki alikamatwa mwaka 2015, alfajiri, akiwa anatembea kwenda sokoni kwake. Akashitakiwa kwa uzururaji. Alikataa kunyamaza, na Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ikatamka kwamba kifungu kilichotumika kumkamata kinapingana na Katiba. Kisha chama cha mawakili wa Afrika nzima kikapeleka ombi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Tarehe 4 Desemba 2020 majaji walitoa maoni yao: sheria za namna hii, zinazomwadhibu mtu kwa hali yake bila kitendo, haziendani na Mkataba wa Afrika, na nchi zinazo wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Yalikuwa maoni ya ushauri, si hukumu yenye askari nyuma yake. Hata hivyo Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ilibatilisha vifungu vya uhuni na uzururaji katika kanuni yao.

Na Uingereza yenyewe? Mwaka 2022 Bunge lao lilipitisha kifungu cha kuifuta ile sheria ya 1824, lakini kikawekwa kabatini kikisubiri kuanza kutumika, na mwaka 2025 serikali yao ilikuwa bado inatangaza ni lini itamalizana nayo. Wenye mali hawakuwa na haraka.

Hapa kwetu, mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nilipoisikia habari hiyo sikuwafikiria majaji wala mawakili. Nilimfikiria yule karani. Baada ya kesi siku ile nilimkuta ukumbini anakunywa chai kwa sahani, akipuliza. Nikamwuliza kwa nini alisema fujo. Hakukasirika. Alisema, "Ndugu mwandishi, imeandikwa disorderly. Wewe ungesemaje?" Nikafungua mdomo, nikakuta sina neno. Leo ningejaribu kumwambia: watu walio nje ya mstari. Kisha bila shaka angeniuliza ni mstari upi, na nani aliuchora, na chai yake ingepoa.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, kwenye mtihani andika kama kamusi ilivyosema, upate alama zako. Ila ukirudi nyumbani mwulize babu alikuwa amekaa wapi siku hiyo, na alikuwa akimsubiri nani. Akikueleza, niandikie.